Udi wa Chumba cha Seva

Riyama alipuliza makaa mpaka yakaiva, akatia kipande cha udi, akausukuma kwa bega mlango wa chumba cha seva. Alikizungusha chetezo pembe zote, akakipitisha mbele ya makabati mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu kama wachumba wanaogombea mwari mmoja. Mbele ya lile la kushoto alikawia. Kisha akafunga mlango vizuri, harufu isitoke.

Humo ndani hata chai ilikuwa marufuku, sembuse moto, na yeye analijua hilo. Lakini kwao Mtoni mgeni hapokelewi katika chumba kinachonuka plastiki, na moto ni wa jikoni; udi ni udi.

Na huyo mgeni, tuseme kweli, si mgeni hasa. Qais alikuwa fundi wa kampuni ya Sarmad, waliotengeneza seva za zamani za kampuni hii ya bima pale Shangani. Kila mwaka alikuja kutoka Maskati kuzihudumia, na Kiswahili chake alikirithi kwa bibi yake mzaliwa wa Unguja. Riyama, msafishaji na mpika kahawa wa ofisi, aliyeachwa na mumewe zamani, alimzoea kidogo kidogo. Kwanza salamu, kisha kikombe cha pili, kisha maswali ambayo majibu yake wote wawili walikuwa nayo tayari. Akishaondoka, mwaka ulikuwa mrefu wa kuudhi.

Sasa seva zimechakaa, na Holvik, mahasimu wakubwa wa Sarmad, wameingia kwa kishindo, na kijana wao Kheir mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Asubuhi hiyo seva za kampuni zote mbili zingebebeshwa kazi moja mbele ya mkurugenzi, Bi Wafaa. Itakayohimili ndiyo itakayonunuliwa.

Jana yake Qais alisimama mlangoni mwa jiko la ofisi.

"Tukishinda, Sarmad wanafungua ofisi hapa. Nshawaambia nnataka kuja mimi." Akatazama ndani ya kikombe chake. "Nikija kukaa, nitakwenda Mtoni kwa kaka yako. Unaniruhusu?"

"Kwanza ushinde," Riyama alimjibu, halafu akalala akijilaumu kwa jibu hilo la kijinga.

Wakubwa waliingia, na hakuna aliyesema neno juu ya harufu. Unguja udi si habari. Jaribio likaanza, seva zikaelemewa, feni zikashika kasi na kuivuta hewa yote ya chumba. Mara kabati la kushoto, la Sarmad, likapiga mlio mmoja mkali, na taa zake zikazimika. La Holvik likaendelea kunguruma, halina habari.

Qais alipiga magoti. Akasoma kwenye kioo kidogo cha kabati, akanusa. Sakafuni palikuwa na chembe ya kaa. Akaitazama, akamtazama Riyama aliyesimama na sinia la kahawa, kisha akaifunika kwa kiganja.

Hapo Riyama akakumbuka. Mwaka jana Qais alimsimulia, kwa fahari, kwamba Sarmad wanatia kwenye seva zao kifaa kinachonusa moshi, na kikiunusa tu seva inajizima isije ikaungua. Yeye siku ile alikuwa akisikiliza sauti, si maneno.

"Imekuwaje?" aliuliza Bi Wafaa. "Mbona ya mwenzako inafanya kazi?"

Neno moja tu, moshi, na jaribio lingerudiwa. Na Riyama angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

"Bi Wafaa," Riyama alianza, "ni mie nlo…"

"Bi Riyama," Qais alimkata kwa upole, "kahawa inapoa. Wape wageni." Akamgeukia mkurugenzi. "Hitilafu ni yetu. Kheir kashinda."

Riyama aligawa kahawa. Alikuwa na haya ya kutaka ardhi immeze, na juu ya haya hiyo alimpenda mtu yule kuliko siku yoyote, na hakuwa na pa kulisemea hilo.

Ndege ya Maskati iliondoka alasiri. Watu wa Kheir walipokuja kulitoa kabati la kushoto, walikuta sweta kwenye msumari nyuma ya mlango, lile la kijivu ambalo Qais alilivaa kwa baridi ya humo ndani na ambalo kila mwaka aliondoka nalo.

"La nani hili?" waliuliza.

"Nipeni mie," alisema Riyama.

Kwao Mtoni alilitandaza juu ya kitundu cha fito cha kufukizia nguo, akasukuma chetezo chini yake. Kaka yake Majid, aliyekuwa akivua viatu ukumbini, aliliona.

"Sweta la mwanamume hilo. La nani?"

"La mgeni. Kalisahau."

"Kalisahau, au kaliacha?"

Riyama hakujua, na hakuna kitu alichotaka kukijua zaidi ya hicho.

"Haya, atakuja kulichukua lini?"

Riyama aliigeuza mikono ya sweta, mmoja baada ya mwengine, moshi uingie mpaka ndani.