Kiporo cha Kiangazi

Gazetini kwetu, tahariri ya wafugaji na wakulima huitwa kiporo. Kila kiangazi, ng'ombe wakiingia mashambani, tunaitoa ya mwaka jana, tunabadilisha majina ya vijiji na kuipasha moto. Humo wafugaji ni "wavamizi" na serikali inatakiwa "ichukue hatua". Mpishi ni mimi, na kazi hiyo naichukia kutoka moyoni.

Safari hii hatua ilikuwa inakuja kweli. Mkuu wa wilaya alikuwa ameitisha mkutano wa kuamua kama wafugaji wote wafukuzwe bondeni. Mdogo wangu ameolewa na mmoja wao.

"Dada, mkituita wavamizi tena, tumekwisha," alinipigia asubuhi. "Shemeji yako anaogopa hata mbwa, atamvamia nani?"

Kwenye kikao cha wahariri, Bosi hakuinua hata macho. "Pasha kiporo."

"Sipashi."

Wote wakanigeukia.

"Una shemeji huko," Bosi akasema. "Unapendelea."

"Na baba yangu analima huko huko. Nimpendelee nani?"

Hasira zilikuwa zimenifika hapa. Nikampigia mwenyekiti wa wakulima, nikaiweka simu katikati ya meza, sauti juu. Nikamuuliza wao wanataka nini.

"Njia ya ng'ombe ifunguliwe!" mzee akafoka. "Halmashauri imeikata viwanja. Sasa ng'ombe wapite wapi kwenda mtoni, kama si juu ya mahindi yangu? Na nyie watu wa gazeti, miaka yote hii mmeshindwa kutuuliza?"

Bosi akakuna kipara. "Haya, andika. Ukiniponza, utanitambua."

Niliandika bila kupumua. Niliitaja halmashauri waziwazi, wala sikumwita mtu mvamizi.

Siku ya mkutano simu ikalia. Nyuma ya sauti ya mdogo wangu, watu walikuwa wakipiga vigelegele.

"Dada, hatuhami! Mkuu wa wilaya kaisoma tahariri mbele ya watu wote, ofisa wa viwanja akakosa pa kuficha uso. Njia inafunguliwa! Baba na shemeji yako wameshaanza kubishana vigingi vikae wapi. Ila mbona jina lako halipo?"

"Tahariri haiandikwi jina, mdogo wangu."

"Mimi nimeshawatangazia. Nimechukua kipaza sauti nikasema kaandika dada yangu."

Machozi yakanitoka. Nikapanda juu ya kiti, chumba cha habari kizima kikanitazama, nami nikapiga kelele kwa furaha: "Hawahami!"