Amina ya Kasisi Berihu

Miaka thelathini na moja Letekidan aliingoja siku hii, na moyo wake haukupoa hata siku moja. Injili ya ngozi, waliyoiandika watawa wa kale kwa Kigeezi, lugha ya kanisa, ilikuwa imerudi kutoka Ulaya ilikouzwa. Kijiji kizima, huko Tigray, Ethiopia, kilijaa pekupeku uani mwa kanisa lililochongwa mwambani kuipokea.

Baba yake, Hadgu, ndiye aliyekuwa mshika ufunguo wa kanisa. Injili ilipopotea wakamtenga, akafa kwa fedheha, wakamzika nje ya ukuta, kule wanakopita fisi. Letekidan, mtoto wa miaka tisa, alimwona shemasi Berihu akitoka na kitabu ndani ya shuka. Alisema, akazabwa kofi. Mtoto wa mwizi, nani amsikilize? Na Berihu huyohuyo, bila haya wala soni, leo ndiye kasisi mkuu, kanyoosha mikono akipokee kitabu!

“Jua kali,” Berihu akasema. “Tuibusu tu, tukale.”

“Laana kwanza, baba,” Letekidan akasema.

Kila mtu pale aliijua desturi. Ukurasa wa mwisho una laana, husomwa, na anayepokea kitabu huitikia Amina mara tatu.

“Binti yangu, leo siku ya furaha.”

“Kwani furaha inakataza Amina? Au koo limekauka, tukuletee pombe ya shayiri?”

Watu wakacheka. Shemasi wa sasa akakifunua kitabu, akasoma: “Atakayekiiba kitabu hiki au kukiuza, na alaaniwe kwa kinywa cha Petro na Paulo, asiwe na fungu kwa watakatifu.”

Berihu aliamini kila neno, na hapo ndipo aliponaswa. Kuiba alithubutu. Kujilaani mbele ya Injili yenyewe, ah, hapo alishindwa. Amina haikutoka. Kicheko kikakatika.

“Neno moja tu, baba,” Letekidan akasema. “Tunangoja.”

Berihu akapiga magoti. “Nisamehe, binti yangu. Nilikuwa kijana, na njaa ya mwaka ule...”

“Usiniite binti. Baba yangu yuko nje ya ukuta.”

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyemwambia.

Kesho yake wakaifukua mifupa ya Hadgu, wakaiingiza uani kwa ngoma na uvumba. Letekidan alilia mpaka akachoka. Kisha akawaona wanaume wakishika majembe kulifukia lile shimo la nje, akawaendea.

“Liacheni wazi,” akasema. “Berihu ni mzee, hatakawia.”