Gramafoni ya Ambrosi

"Mita yako ya luku inasoma sifuri, halafu nyimbo zinalia mchana kutwa! Umeme unauokota wapi, Ambrosi, shambani?"

"Dada Severina, nimeshakwambia, gramafoni yangu haitumii umeme."

"Eti haitumii! Mbona wangu unayeyuka?"

Wapangaji wote wa nyumba ile ya Kihesa tulishajaa uani. Si umbea, la hasha. Tulitoka kuota jua. Mzee Kalinga, mwenye nyumba, ambaye akiitwa kuziba bati linalovuja hufika masika yakiisha, siku hiyo alifika kabla ya kuitwa.

"Kama umeunga waya kwenye mita ya mwenzako," akamwambia Ambrosi, "leo hii unafungasha."

Ambrosi akaitoa gramafoni aliyoachiwa na babu yake, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mzee Kalinga akachungulia chini yake kutafuta waya. Hakuna. Severina akaitikisa, labda betri zimejificha kwa aibu.

"Humu mna springi, kama ya saa ya ukutani," Ambrosi alisema, akizungusha mkono wa chuma ubavuni. "Naikaza. Ikifunguka yenyewe, inazungusha santuri. Santuri ina mifereji, sauti imechorwa humo. Sindano ikipita inatetemeka, inatetemesha kiwambo hiki, pembe inaikuza sauti. Basi."

"Sindano iimbe?" Severina alicheka. "Mbona ya cherehani yangu ni bubu?"

Ambrosi akaishusha sindano. Kwaya ikatoka, inakwaruza kama iliyolala nje mwezi wa sita, lakini ikatoka.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," Mzee Kalinga akatangaza, "huyu kijana ni mwaminifu."

"Sasa umeme wangu unakwenda wapi?" Severina aliuliza, sauti imepungua.

Mlango wake ukafunguka. Mama mkwe wake, aliyekuja wiki ile kutoka Ubaruku na gunia la mchele, alitoka amejitanda blanketi mbili.

"Msizime, nyimbo nzuri! Severina, jiko la umeme nimeliacha linawaka chumbani. Bila hilo ningeshakufa. Usiku na mchana ndilo linanipasha. Baridi yenu haina adabu!"

Tukamgeukia Severina. Mwenye maneno ya kulisha mtaa mzima akawa anakagua kandambili zake.

"Na wewe mwenye nyimbo," bibi akaendelea, "njoo na mashine yako. Wali umeiva."

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Mkaribishe mwenzio."

Severina akasogea pembeni ya mlango.

"Karibu ndani, kaka Ambrosi. Karibu chakula."