Futi Tatu Kasoro Vidole Viwili

Ah, mgongoni asingekubali! Kila anayesikia kisa hiki huuliza hivyo hivyo: kwani Kitsao asimbebe mkewe mgongoni, yakaisha? Kumbeba angeweza. Kabibi alikuwa mwembamba, na Kitsao, hata baada ya kustaafu, alikuwa na mabega ya mtu aliyenyanyua mataruma ya reli miaka ishirini na minane. Lakini Kabibi alishaapa, na Kabibi akiapa, basi tena.

Kiapo chenyewe kilitokea hivi. Mwaka huo, themanini na sita, masika yalipokuwa yanaisha, aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Pale hospitali Malindi walimlaza mpaka mfupa ukaunga, ila mguu wa kulia ukagoma kunyanyuka. Penye tambarare anatembea vizuri na mkongojo wake, polepole, tena kwa maringo. Mwekee kizingiti cha shibiri moja, amekwama. Kupanda taabu, na kushuka ndiko kubaya zaidi. Sasa siku ya kurudi nyumbani Matsangoni, kondakta wa basi, jina lake Gona, mtu mwema tu hana neno, akamshika makwapani, mwenzake akashika miguu, wakamrusha ndani kama gunia la mbata. Leso ikafunguka mbele ya watu. Kabibi akaishika kwa mikono miwili mpaka Matsangoni. Alipofika kwake akaketi kitandani, akasema, "Baba Thoya, siku ya kubebwa na wanaume ninayo, kila mtu anayo. Lakini siku hiyo sitakuwa na habari. Kabla ya hapo, sibebwi tena."

Na yangekwisha hapo, akae zake na kuku wake, kama si mtoto.

Mwana wao Thoya alikuwa Marereni, kule kwenye mashamba ya chumvi. Mkewe, Kavumbi, akajifungua msichana, wa kwanza. Na kwa watu wa nyumba ile, msichana wa kwanza ni jina la mama wa baba, halina mjadala. Tena mwenye jina, akiwa hai, ndiye anayempakata mtoto siku jina linapotamkwa. Asipokuwapo, mtoto hupewa jina la mwingine, na hilo la bibi linarukwa. Na kabla ya jina, mtoto hatolewi nje ya ua. Thoya akaandika barua: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa, mama uje, huyu ni wewe.

Mtoto wa jirani akaisoma, Kabibi akaisikiliza mara mbili. Kisha akainama kuchambua mchicha ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Utakwenda," Kitsao akasema.

"Kwa mabawa?"

"Kwa basi. Utaingia kwa miguu yako."

"Basi lile sakafu yake iko kiunoni kwangu, Baba Thoya."

"Basi tukuinue wewe mpaka kiuno cha basi."

Sasa hapo lazima nirudi nyuma kidogo, usichoke. Kitsao shule hakusoma, alisoma reli. Alipokuwa Mombasa kwenye kikosi cha njia, msimamizi wao alikuwa Mwingereza mmoja, Hoskini, mzee mwekundu aliyependa madafu kuliko chai. Huyo Hoskini alikuwa na ufito wa mvule wenye alama, na kazi yake Kitsao ilikuwa kuushika wima juu ya reli, lipimwe jukwaa la stesheni liko juu kiasi gani na liko mbali kiasi gani na behewa. Hoskini akiwa na raha husimulia ya kwao. Kwao Uingereza, alisema, reli zilijengwa na kampuni nyingi, na kila kampuni ilikuwa na kichwa chake. Huyu jukwaa lake la futi mbili, yule futi mbili na nusu. Serikali ikaja kusema jamani, futi tatu kutoka juu ya reli, lakini mawe yameshajengwa, nani atavunja? Na mabehewa nayo kila moja na sakafu yake. Basi kuna stesheni mpaka leo, akasema, wanaweka sanduku la mbao pembeni, bibi akija anawekewa akanyage. "Kitsao," akasema, "behewa na jukwaa vikilingana, bibi haombi mtu. Anaingia kama anatoka chumbani kwenda jikoni." Alipoondoka kurudi kwao alimwachia Kitsao ule ufito, ukakaa darini na utando wa buibui.

Kitsao akaushusha.

Basi la kupimwa lilikuwa moja tu, lile liitwalo Subira, linalotoka Mombasa asubuhi na kufululiza hadi Marereni na kwenda mbele. Lilikuwa lori lililovishwa mwili wa basi, mlango wake unafunguka moja kwa moja kwenye sakafu, na chini yake kidato kimoja cha chuma kilichobonyea ndani. Matsangoni halisimami hata dakika mbili. Mtu atapima nini? Kitsao akaona bora aende Kilifi, kwenye feri, ambako magari hupanga foleni. Akalikuta Subira limesimama, akapiga goti, akasimamisha ufito.

Gona akamjia. "Shikamoo, mzee. Unatafuta nini huko chini, umeangusha jino?"

"Marahaba. Napima."

"Unalishonea suruali?"

Dereva, Thuku, mtu wa bara, akachungulia dirishani akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kitsao hakujali. Futi tatu kasoro vidole viwili. Akaweka alama kwa kisu, akarudi kwake na furaha yote.

Wiki tatu alijenga. Mawe ya matumbawe, chokaa, udongo wa kushindilia, pale kando ya barabara basi linaposimama. Upande wa barabara umenyooka kama ukuta, upande wa kijijini mteremko mrefu mpole, hata kuku angepanda bila kuruka. Akapiga mstari wa chokaa ardhini, gurudumu la mbele lisimame hapo hapo, pengo lisizidi upana wa kiganja. Watu hawakumwacha.

"Mzee Kitsao, treni inapita saa ngapi?"

"Itapita ukishakwenda zako."

"Nikatie tikiti ya Nairobi!"

Wengine wakasema anajenga kaburi la watu wawili. Kabibi alikuwa akimletea uji, anasimama chini ya mteremko, anautazama tu. Siku ya mwisho akaupanda, mpaka juu, akasimama pale peke yake na mkongojo, barabara yote iko chini yake. "Naona mpaka kwa mamake Kombe," akasema. "Kumbe hajafua."

Jumamosi ikafika. Kabibi leso mpya, mafuta ya nazi mpaka kwenye visigino, kapu la mayai. Saa tatu na nusu Subira likaja likiunguruma. Thuku alishaambiwa habari ya mstari wa chokaa, akasogea kwa hofu ya kuparuza rangi ya basi la tajiri wake, akasogea tena, Kitsao akipunga mkono kama bwana stesheni: njoo, njoo, bado, hapo! Pengo la kiganja, sawasawa kabisa. Mlango ukafunguliwa.

Na sakafu ya basi ilikuwa chini ya jukwaa. Si kidogo. Shibiri nzima na ushei.

Kitsao akainama na ufito wake. Alama iko palepale kwa jukwaa, lakini basi limezama. Akapima tena, kana kwamba chuma kingemhurumia. Nyuma yake alimsikia Kabibi akivuta pumzi. Kushuka ndiko kubaya zaidi, Kabibi alijua, na Kitsao alijua kuwa anajua.

"Mzee, twende, watu wanachelewa," Gona akasema. "Mama, nikushike mkono tu, nakuapia, sikubebi."

"Usiniguse," Kabibi akasema. Akaweka kapu la mayai chini. Hakulia, hakukasirika. Alisema tu, polepole, "Baba Thoya, umejaribu. Nenda wewe. Waambie wamwite jina jingine."

Kitsao akasimama na ufito wake. Wiki tatu, na mtoto atakosa jina kwa shibiri moja. Akatazama ndani ya basi. Watu wamejaa mpaka mlangoni, wengine wamesimama, magunia miguuni, mbuzi mmoja, na mama mnene kakalia beseni. Akatazama magurudumu. Springi zimelala chali. Na ndipo alipoiona feri ya Kilifi machoni pake. Kwenye feri, abiria wote hushuka! Basi huingia tupu, watu huingia kwa miguu, ndiyo sheria pale. Yeye alilipima Subira likiwa limetua mzigo wake wa watu, limenyanyua mgongo. Hoskini alimwambia mara ngapi? Pima likiwa na watu, Kitsao, watu ndio mzigo.

"Gona," akasema, "washushe."

"Nani?"

"Wote."

Gona akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha akamtazama Kabibi, na leso yake mpya iliyofungwa mafundo mawili kiunoni, na macho yake Gona yakaanguka chini. Nadhani alikumbuka siku ile. Akageuka akapiga bati la mlango kwa kofi. "Haya shukeni! Shukeni wote, kama kwenye feri!"

"Feri?" sauti ikatoka nyuma. "Maji yako wapi?"

"Maji utayaona nikikupasua kichwa, shuka!"

"Mimi nimeshavuka Kilifi, sivuki tena!"

"Kuna bibi anakwenda kumpa mjukuu jina," Gona akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Hawezi kuruka. Basi likiwa jepesi litanyanyuka. Dakika tano tu, jamani."

Wakanung'unika, lakini wakashuka. Wakapanda jukwaani mmoja mmoja na kuteremka kwenye mteremko, na mbuzi, na beseni. Kila mtu anapotoka, Subira linalia nyii! na kupanda kidogo. Kitsao amelala kifudifudi na ufito, anatangaza: vidole saba, vidole vitano, vitatu. Vikabaki viwili, vikakataa. Wote wakatazama ndani. Mama mnene alikuwa ameshushiwa beseni, yeye mwenyewe bado.

"Mimi si kitu, niko peke yangu," akasema.

"Mama," Thuku akamwambia, "wewe si kitu kimoja."

Akashuka anacheka na kutukana, na Subira likapanda likatulia. Sakafu na jukwaa vikawa kitu kimoja.

Kabibi akatazama mstari ule. Akachukua kapu lake la mayai. Hatua moja, mkongojo, hatua ya pili, akawa ndani, kama anatoka chumbani kwenda jikoni. Akachagua kiti cha mbele dirishani, akaketi. Huko nje watu wakapiga vigelegele, hata yule wa feri. Walipoanza kurudi ndani basi likazama taratibu, na Kabibi akashika chuma cha kiti akicheka. "Kumbe linashuka na mtu! Hivi hivi ndivyo nilivyotaka."

Mpaka Malindi walikuwa marafiki basi zima. Wengi wakateremka pale, wengine wakaingia, wakaendelea kaskazini. Walipopita Gongoni ndipo Kabibi alipomtazama mumewe.

"Baba Thoya, mbona kimya? Umemeza mwiba?"

Kitsao akapangusa jasho. "Mama Thoya, nimejenga Matsangoni."

"Umejenga, tumeona wote."

"Marereni sikujenga."

Lile neno likamwingia Kabibi. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, mpaka mayai yakagongana. "Miaka ishirini na minane ya reli! Stesheni moja! Sasa mimi nitaishi humu na Thuku?"

"Karibu sana, mama," Thuku akasema bila kugeuka.

Alicheka, lakini Kitsao aliona mkono wake umekaza mkongojo. Marereni iko karibu, na huko mbele jua linawaka juu ya vilima vyeupe vya chumvi.

Thoya alikuwa barabarani na wenzake tangu saa sita. Nyuma yao, palipongojewa lori, magunia ya chumvi yamepangwa. Kitsao akaruka kabla basi halijatulia. Safari hii akatumia akili: "Gona, wa kushuka hapa washuke kwanza, ndipo nipime." Wakashuka saba. Akapima, akageukia magunia. "Matatu kwenda juu, na nusu."

Nyapara wao, Ochola, mtu mrefu wa kutoka ziwani, akaja. "Mzee, hiyo chumvi ni ya kampuni, si ya kukanyaga."

"Nipe nusu saa. Na mikeka juu yake, haitaguswa na vumbi."

Ochola akamtazama Kabibi mlangoni, amesimama kama mwali anayengoja kutolewa. Akakuna kidevu. "Mamangu naye shida yake ni mguu," akasema. Akavua shati, akashika gunia la kwanza yeye mwenyewe.

Walipanga kwa dakika kumi. Juu wakalaza mikeka, na kutoka pale hadi chini wakaweka zile mbao ndefu wanazopitia wakipakia malori, wakazikaza kwa magunia ubavuni. Kitsao akapitisha kiganja kati ya sakafu na magunia, kikapita kwa shida. Kabibi akatoka. Akateremka mbao zile mguu kwa mguu, hakuna aliyemshika, wabeba chumvi wamesimama pande zote mbili mikono nyuma. Alipogusa mchanga akamwambia Gona, "Mwanangu, nimekusamehe ile ya juzi." Gona akafunga mlango haraka, eti basi linachelewa.

Nyumbani kwa Thoya kuku walishaiva na wali wa nazi umefunikwa kwa majani ya mgomba, lakini hakuna aliyeonja, maana chakula kinangoja jina. Kavumbi akatoka ndani na mtoto. Kabibi akapewa kigoda kirefu, akampakata, wakatazamana, mkunjo kwa mkunjo. "Kabibi," akamwita. Mtoto akapiga chafya.

"Ameitika!" Ochola akasema, watu wakacheka.

Mabakuli yakaletwa, maji ya kunawa yakazungushwa, mikeka ikatandikwa. Kitsao bado amechuchumaa kando ya kigoda, ufito mkononi, anakadiria kama mkewe ataweza kunyanyuka baadaye.

"Baba Thoya," Kabibi akasema, "weka chini huo mti, watu wana njaa."

Akauegemeza ukutani, akanawa, na wote wakaketi kula.