Ubao Usio na Sitaki

Kiharusi kilimkuta Mzee Leonardi katikati ya hotuba. Alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Temeke, na siku hiyo alikuwa akiwaeleza wananchi, kwa saa ya pili mfululizo, faida za kuchimba vyoo virefu. Waliomsikiliza walidhani amenyamaza ili avute pumzi. Wengine, Mungu awasamehe, walishukuru. Ilipodhihirika kwamba mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia umelala, ndipo walipombeba kumpeleka hospitali.

Alirudi nyumbani na akili zake zote na neno moja tu: "Kabisa." Ukimuuliza amelalaje, kabisa. Ukimuuliza anaumwa wapi, kabisa. Daktari alimweleza mkewe, Demetria, kwamba mumewe anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki, hivyo asaidiwe kwa picha, awe anaonyesha kwa kidole anachokitaka. Demetria akaenda ofisi ya tawi la chama kuomba magazeti ya zamani ili akate picha. Hapo ndipo alipokosea, maana miaka ile ukipeleka jambo lako ofisini, linarudi likiwa la umma.

Katibu wa tawi, Ndugu Apolinari, alikuwa kijana wa Bukoba aliyependa kamati kuliko chakula. Papo hapo akaunda Kamati Ndogo ya Kumsemesha Mgonjwa. Kamati ikakaa, ikanywa chai ya Demetria, ikakaa tena, ikanywa tena. Mwishowe ikatoka na ubao wa mninga uliobandikwa picha kutoka vitabu vya kisomo cha watu wazima: jembe, trekta, pamba, ng'ombe wa maziwa, darasa, zahanati, bomba la maji. Kitanda kilikataliwa kwa kuwa kingehamasisha uvivu. Choo kilikataliwa kwa sababu za heshima, ingawa mgonjwa mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa wa vyoo mtaani.

"Ndugu Katibu," Demetria alisema, "wekeni na picha ya sitaki."

Apolinari alimtazama kwa huruma. "Mama, sitaki haina picha. Halafu, katika mambo yote haya mazuri, mwananchi asitake nini?"

Kamati ikacheka kwa adabu na kufunga kikao. Tangu siku hiyo, Leonardi akibanwa na haja ndogo alionyesha bomba, na mjumbe yeyote aliyekuwa karibu alimkimbizia kikombe cha maji. Demetria peke yake ndiye aliyejua kumwahisha uani. Hakusomea popote, alikuwa mkewe, basi.

Ndipo akaja Marselino kutoka Masasi, mdogo wake Leonardi, mtu mwenye machozi ya karibu. Alilia mlangoni, akalia mezani, na alipomaliza kulia akapimapima vyumba kwa macho.

"Shemeji," alisema, "kaka arudi nyumbani, dada zetu wamtunze. Nawe umechoka, nenda kwenu Ndanda ukapumzike. Nyumba hii msiwe na wasiwasi nayo, mie nitabaki kuiangalia."

"Una moyo, shemeji," Demetria alijibu. Nyumba hiyo yeye na mumewe waliikandika kwa mikono yao, na kuachana na mumewe uzeeni hakukuwahi kumpitia akilini hata siku moja. Lakini Marselino alikuwa ndugu wa damu, na mbele ya watu neno la ndugu lina uzito. Katibu akaamua kwamba mgonjwa aulizwe hadharani, kwa ubao, na atakalosema ndilo.

Jumapili alasiri ua ulijaa. Marselino, kwa kujiamini, alikuwa amekwisha kumvika kaka yake suti na viatu vya safari. Apolinari akamwekea ubao mapajani.

"Mzee wetu, unataka kwenda Masasi? Onyesha."

Kidole cha mkono wa kushoto kikazunguka, kikitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kikagusa jembe.

"Jembe!" Apolinari alitangaza. "Anataka kulima. Kulima ni huko kijijini."

Kidole kikakimbia jembe, kikaangukia pamba.

"Na zao amechagua mwenyewe! Mzee, umeridhika?"

"Kabisa," alisema Leonardi, na jasho likamtiririka.

Watu wakapiga makofi. Demetria alitaka kupiga kelele, lakini mke akipiga kelele watasema anang'ang'ania nyumba. Marselino akainama kumnyanyua kaka yake.

Leonardi akamsukuma. Akainama mwenyewe, polepole, na kwa mkono ule mmoja akaanza kufungua kamba za kiatu. Kamba ikagoma. Akaivuta kwa ncha za vidole, ikaachia. Akakivua kiatu, akakiweka juu ya ubao, juu ya jembe na pamba na trekta. Kisha cha pili. Akausukuma ubao na viatu vyake mpaka vikamwangukia Marselino miguuni.

Apolinari alisafisha koo. "Viatu havimo kwenye orodha ya picha, kwa hiyo kikao hakiwezi..."

"We mtoto," alikatiza Bi Rosalia, jirani wa nyumba ya pili, "sie tumeshaelewa. Wataka afanye nini tena, avue na suruali?"

Kicheko kilichofuata ndicho kilichofunga kikao. Marselino alipanda basi la kusini kesho yake alfajiri, macho makavu.

Asubuhi hiyohiyo Demetria alichukua kipande cha mkaa, akabandua ng'ombe wa maziwa, na mahali pake akachora kiatu. Akamwelekeza mumewe mara moja tu. Moyo wake ulikuwa mweupe: sasa hakuna atakayemburuza mume wake popote. Akamletea uji wake wa ulezi, uleule aliompikia kila asubuhi tangu atoke hospitali, na ambao aliwaambia majirani wote kwamba mzee anaupenda mno.

Leonardi akautazama uji. Akaweka kidole juu ya kiatu.

"Uji?" Demetria aliuliza. "Uji wangu mie?"

"Kabisa."

"Tangu lini?"

Kidole hakikuondoka juu ya kiatu. Demetria alibeba bakuli, akawamwagia kuku uji, akaenda kuinjika chai. Alinuna mpaka adhuhuri, na hajapata kununa kwa furaha namna ile maishani mwake.