Koti la Mpiga Dawa

Mficha uchi hazai, basi nianze na kosa langu: lile koti nililitoa mimi, muuguzi wa zamu, kwa mikono yangu.

Mgonjwa tulimpokea asubuhi. Alikuwa mpiga dawa kwenye mashamba ya nyanya, na wenzake walimwita Bomba kwa kuwa hakuonekana bila bomba la kupulizia mgongoni. Siku hiyo lilivuja, dawa ikamlowesha koti mgongoni, naye akaona amalize shamba kwanza. Kazi ni kazi. Alifika mate yanamchuruzika, jasho chapachapa, mboni za macho ndogo kama tundu la sindano. Tulimvua nguo zote, tukamwogesha kwa sabuni tangu utosini, daktari akampiga atropini ya kuvunja sumu, sindano juu ya sindano, hadi kifua kikakauka.

Nguo zake zilipaswa kuteketezwa. Lakini wodi ilikuwa imefurika, na mama yake alisimama mlangoni akiuliza vitu vya mwanawe. Nikampa mfuko wa nguo zile bila neno hata moja la onyo. Haraka zangu hizo.

Kufikia mchana Bomba alikuwa anatania.

"Sista, kwa maji yale mliyonimwagia, nyanya zitaota mgongoni."

"Koma! Usinigeuzie wodi shamba," nikamwambia. Mama yake alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake kulikuwa na baridi ya mvua. Bomba akarudi kulekule: mate, jasho, mboni zimesinyaa. Daktari akaongeza dozi, hakuelewa. Nilipofunua blanketi, harufu ya dawa ikanipiga puani. Alikuwa amevaa koti lake la kazi, mgongo wa koti umekauka kwa dawa ukawa mgumu.

"Nani kamvalisha hili?" nilifoka, wodi nzima ikageuka.

"Mimi, mwanangu," mama akasema. "Alikuwa anatetemeka. Nililianika likakauka, nikasema la kwake litampa joto."

Tulimvua, tukamwogesha upya, tukahangaika naye. Mapafu hayakutusubiri. Alikata roho saa tisa alasiri, mama kamshika kidole gumba cha mguu, maana hapo tu ndipo tulipomwachia nafasi.

Baadaye alinifuata kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Macho yake yalikuwa makavu.

"Sista, usinifiche. Ni mimi niliyemuua?"

Ningeweza kumwambia siku zake zilikuwa zimefika. Wengi tunasema hivyo, tunaenda zetu nyumbani. Niliogopa kazi yangu, niliogopa na macho yake.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Zile nguo zilikuwa na sumu, nilijua, nikakupa bila kukwambia."

Nilingoja matusi, na kweli niliyataka.

"Kumbe," akasema polepole, "naruhusiwa kumlilia."

Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, akimwita kwa jina alilompa yeye. Mimi nilisimama kando yake, sikuthubutu kumshika.