Mwisho Aliouficha Mzee Masoud

Nadir wa Fumba, mkusanyaji wa filamu kuukuu, aliingia nyumbani kwa Bi Salhiya, Michenzani, akatoa shikamoo nzuri, kisha akaharibu. Alikuwa akitafuta filamu moja ya vita ya Kikorea iliyosahauliwa hata kwao. Sasa wakusanyaji wanaigombania, maana nakala zote zilizobaki hazina mwisho.

"Na hii nakala yenu nayo, aliyokuwa akiionesha baba yako, kila mtu mjini ananambia askari anarudi kwa mama yake. Kwenye hadithi yenyewe anakufa. Samahani, Bi Salhiya, marehemu baba yako aliiharibu."

Bi Salhiya angevumilia mengi, lakini si hilo. Mzee Masoud aliendesha mashine ya sinema miaka thelathini, na hata kipande cha urefu wa kidole hakukitupa.

"Baba hakuharibu kitu," alisema. "Kaa kitako."

Nadir alijua filamu hiyo ina mikebe saba tu. Bi Salhiya akavuta wa nane kutoka uvunguni, akaufungua kwa kisu cha mkate, akaukunjua mkanda mbele ya dirisha. Askari alikuwa amelala kwenye theluji, picha safi, haina mkwaruzo. Nadir aliinama mpaka pua ikakaribia mkanda, na mwenye nyumba alifurahi kumwona hivyo.

"Huu haujaoneshwa," Nadir alinong'ona.

"Umeoneshwa mara moja. Jumapili, zanana, onesho la wanawake peke yao. Mimi nna miaka saba, nimekaa na baba kwenye mashine. Bibi yangu Mwanakheir, mama yake baba, yuko chini ukumbini. Mwaka ule mwanawe Machano kaenda na meli, hakurudi. Askari alipoanguka, bibi alisimama akaita, Machano, Machano. Ukumbi mzima ukalia naye."

Jumapili ya pili Mzee Masoud aliuweka kando mkebe wa nane. Kipande cha katikati ya filamu, askari yuko likizo anakula wali kwa mama yake, alikikata akakiunga mwisho.

"Kwa hiyo alimdanganya mama yake," Nadir alisema, taratibu.

"Bibi hakudanganyika hata kidogo. Mwisho ule wa kwanza aliuona kwa macho yake. Lakini kila Jumapili alivaa buibui akaenda, mpaka filamu ikaondolewa. Alikwenda kumwangalia mtoto wa mtu anarudi nyumbani."

Nadir aliuweka mezani mkanda wa theluji, mkanda aliousaka miaka sita, akaomba aoneshwe kwanza mwisho ule wa Mzee Masoud.